Kulabu ya Nta

Melkizedeki, mhunzi wetu wa Ihanja, hakuwa mtu wa kunyamaza. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, wenzake walibeba vitanda na kuku. Yeye alibeba mivukuto yake ya kupulizia moto mgongoni, na njia nzima akatueleza jinsi kijiji kisivyoweza kuwa kijiji bila yeye. Mimi maneno mengi huniumiza kichwa. Lakini jembe likivunjika utakwenda kwa nani? Unakwenda, unamsikiliza, unarudi na jembe zima.

Mwaka ule tulikuwa tunachimba kisima cha kijiji, na aliyekuwa akishuka chini ni Isaka, mume wangu. Walimshusha kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu la roda, na mwisho wa kamba palikuwa na kulabu ya chuma. Kulabu hiyohiyo ndiyo iliyopandisha ndoo za mawe. Asubuhi moja ikanyooka kama kidole. Ndoo ikaanguka, Isaka akajibana ukutani, ikampita. Walipomtoa kwa kamba ya kujifunga kiunoni alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia mwenyekiti kwamba mume wangu hashuki tena mpaka ipatikane kulabu ninayoiamini mimi.

"Nitaitengeneza," akasema Melkizedeki, akijipiga kifua.

Tatizo lilikuwa chuma. Mzee Kurji wa Singida mjini alimpa kipande cha springi ya lori lake bovu, na kingine hakikuwepo. Akikosea kufua, basi tena. Kwa hiyo Melkizedeki akabuni jambo tusilowahi kuliona: akafinyanga kulabu ya nta, akaitundika kwenye boriti, akaning'iniza kikapu na kukijaza mawe moja baada ya jingine.

"Angalieni," alituambia. "Nta ni kama chuma hiki, haikatiki hivihivi. Inavutika kwanza, halafu inakonda mahali pamoja, ndipo inakatika. Inapokonda nta, ndipo na chuma kitakaponiangusha. Naongeza unene pale, najaribu tena. Naweza kuvunja kulabu hata kumi na chuma changu kipo kizima."

Moyoni nilikubali kwamba mtu yule ana akili. Nilijikaza nisimwambie.

Majaribio aliyafanya mchana, tukitoka shamba la kijiji, maana bila watazamaji Melkizedeki hawezi hata kunoa kisu. Tulikaa tukitafuna karanga na kubishana itakatikia wapi. Siku ya kwanza ilikatika kwenye pindo, pale inapojikunja. Akaongeza nta pale. Kesho yake ikakatika shingoni. Akaongeza na pale. Mwishowe kulabu ikawa nene kama mguu wa mtoto mchanga, na bado ilivutika kila mahali kwa pamoja. Springi ya Kurji isingetosha hata nusu yake. Watu wakacheka. Melkizedeki akanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Wanaume walishaanza kusema kulabu ya zamani ipindwe tu upya, kazi iendelee, na Isaka, mjinga wangu yule, alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Aliyekuwa na mizinga na nta ni Marietha, mke wa mhunzi. Akaja amekunja uso.

"Baba Antipasi, nta yangu umeimaliza kwa mchezo. Na mchezo wenyewe unauchezea juani! Mimi nikitaka nta ishike umbo naishughulikia alfajiri. Saa hizi hata usiweke jiwe, itavutika tu."

Melkizedeki akaiminya ile kulabu. Ikabaki na alama za vidole vyake. Akaliangalia jua, kisha akatuangalia sisi watazamaji wake kwa huzuni, kama mtu aliyeambiwa aache pombe.

Alfajiri iliyofuata tulikuwa watatu tu: yeye, Marietha, na mimi niliyeamshwa na hofu ya mume wangu. Kulikuwa na baridi na nta ilikuwa ngumu. Kulabu ya umbo lilelile la kwanza ikabeba mawe mengi, kisha ikakonda kwenye pindo. Akafinyanga nyingine, ikakonda palepale. Akalinenepesha pindo kidogo tu, na safari hii kikapu kikajaa pomoni, kulabu imetulia.

"Kumbe ni hapa tu," akanong'ona. Sikuwahi kumsikia akinong'ona kabla ya siku ile.

Akafua chuma. Siku ya kuitundika kulabu, kijiji kizima kilikuja, na sauti ya Melkizedeki ikamrudia. Nikasubiri amalize hotuba.

"Fundi," nikasema, "umesema vizuri. Basi tangulia wewe."

Watu wakashangilia. Mhunzi akamtazama mkewe. Marietha akaenda akaishika kamba mbele ya wanaume wote. Melkizedeki akajipachika kwenye kitanzi kilichotundikwa kwenye kulabu, akashushwa. Mwanzoni tulimsikia akiongea, kisha sauti ikafifia, kisha kimya. Roda ikalia. Nikamwona Marietha akichungulia shimoni bila kuiachia kamba, nikaona aibu: nilikuwa nimempeleka mume wa mwenzangu mahali ambapo wangu sikutaka aende. Nikaishika kamba nyuma yake.

"Mama Esta!" Sauti ilitoka chini kabisa.

"Nakusikia, Fundi!"

"Nimeikodolea macho tangu juu mpaka huku! Haijakonda popote! Mlete mumeo!"

Wote wakacheka. Mimi nikalia mbele za watu, wala sikujifuta. Isaka akanicheka, na siku hiyo nikamwacha acheke.