Ufunguo Uliokwenda Makka

Shamba la mkonge lilipobinafsishwa, mwekezaji alinunua ardhi, akanunua mitambo, akanunua hata trekta bovu lililoota majani. Watu hakuwataka. Baba yake Kasian, aliyetoka Songea akiwa kijana kuja kukata mkonge na akazeekea hapo Kilosa, alipunguzwa kazi kwa barua yenye mhuri mzuri sana. Kasian alikuwa mwaka wa pili wa diploma ya kompyuta, Morogoro mjini. Barua ya baba ikamtoa mwana darasani. Akarudi nyumbani na nusu ya elimu, na nusu ya elimu ni kama nusu ya suruali: unayo, lakini huwezi kutoka nayo.

Soko huria lililomtupa baba yake ndilo lililomnenepesha Mzee Mwinshehe. Mzee alikuwa na duka la pembejeo na malori Kilosa, na Mikumi, pembeni ya barabara kuu, alikuwa na nyumba ya wageni ambako Wazungu walilala wakitoka kutazama tembo. Alimchukua Kasian kuwa fundi kompyuta. Kibarua, si mwajiriwa. Kwa Mzee, fundi kompyuta maana yake ni kila kitu chenye waya: mashine ya fotokopi, antena ya televisheni, hata jokofu la jikoni.

Mwaka ule, 2005, virusi viliingia kwenye kompyuta za Mzee kama kuku kwenye mtama ulioanikwa. Kila mashine ilijilinda kivyake. Hii ilikuwa na kinga iliyokwisha muda, ile ilikuwa na kinga ya kuibia, na ya mhasibu ilikuwa na kinga mbili zilizokuwa zikigombana kama mawifi, mpaka mashine yenyewe ikazimia. Kasian akawa hakauki barabarani. Leo Kilosa, kesho kwenye pikapu kupitia kijiji cha Ulaya mpaka Mikumi kufuta virusi, na akirudi anavikuta vimemtangulia.

Ndipo akapanga mpango. Kinga za zamani zote zing'olewe kwanza. Iwekwe kinga ya aina moja kila mahali, na mfanyakazi asiweze kuizima hata akichoka nayo. Pale Kilosa kuwe na mashine mama, ambayo itavuta kinga mpya kwa laini ya simu na kuwagawia watoto wote. Mtoto akichelewa au akiugua, jina lake lionekane kwa mama. Mashine hiyo ikae stoo, pembeni ya uhasibu, penye feni na mlango usiofungwa, iwake usiku na mchana. Na Mikumi iwepo nyingine ndogo, mama akipata dharura.

Mzee Mwinshehe alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Kijana, umesema hiyo ndiyo mama wa zote?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mama anakaa stoo? Na magunia ya mbolea? Mama anakaa kwa baba. Iletwe ofisini kwangu, pana kiyoyozi, pana zulia."

Wafanyakazi waliokuwapo wakacheka. Kasian akajikaza. "Sawa, Mzee, ila haitakiwi kuzimwa. Na ile ya pili ya Mikumi..."

"Nyumba moja mama wawili?" Mzee alirusha mikono. "Mimi mwenyewe wake wawili nimewaweka mitaa tofauti, na bado silali!"

Kicheko kikapasua chumba. Nassir, mtoto mkubwa wa Mzee, alicheka mpaka akafuta machozi. Kasian naye alicheka, na alipomaliza kucheka mashine ya pili ilikuwa imeshakatwa kwenye mpango. Angebisha, lakini palepale Mzee alimshika bega akasema mbele ya wote: "Kompyuta zangu zikimaliza msimu huu wa wageni bila kuugua, nakurudisha chuo mwenyewe. Umalize hiyo diploma yako."

Ukiambiwa neno kama hilo, unabishia nini? Kasian alikwenda zake na mdomo uliofungwa vizuri.

Kazi aliifanya, asinyimwe sifa yake. Alianza na mashine moja tu, ya Yusrah wa mapokezi Mikumi, akaichunguza mpaka akaridhika, kisha zile za Kilosa, kisha zilizobaki. Kila asubuhi kompyuta za Mikumi zikawa zinapiga simu Kilosa kumwamkia mama, naye anaitikia kwa kuwapa kinga ya siku. Yusrah alisema hajawahi kuona watoto wenye adabu namna ile. Mama mwenyewe alikaa ofisini kwa Mzee, amefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama kochi la sebuleni. Ijumaa Mzee alipofunga ofisi, Kasian alisimama mlangoni kama mtu aliyepita tu, akikumbusha: "Mzee, ile isizimwe." Mzee anaitikia, "Najua, najua." Novemba ikaisha bila homa.

Desemba Mzee akapata safari ya Hijja.

Anayekwenda Hijja huondoka na moyo mweupe. Mzee Mwinshehe alipita kwa majirani, kwa wake, kwa madereva, mpaka kwa wapagazi wa magunia, akiomba radhi. Siku ya kuondoka aliingia alipokuwa Kasian, akamshika mkono kwa mikono miwili. Mtu aliyezoea kumwita "we kijana" sasa ana machozi.

"Kasian, mwanangu. Kama nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, naomba unisamehe. Huko niendako kuna kurudi na kutorudi."

Nyuma ya Mzee mlango wa ofisi ulikuwa umeshafungwa. Ufunguo, ule mmoja tu uliokuwapo, ulining'inia kwenye mkanda wake wa safari. Kasian aliuona. Neno lilimfika kooni: Mzee, niachie ufunguo, na swichi ya ukutani usiwe umeizima. Lakini nani anadai ufunguo kwa mtu anayelia akiomba radhi? Itakuwa kama kusema: nimekusamehe, ila sikuamini.

"Nimekusamehe, Mzee. Dunia na akhera."

"Na mimi nimekuridhia."

Kesho yake asubuhi watoto wa Mikumi walipiga simu, mama asiitikie. Mzee alikuwa ameizima ukutani, kwa kuogopa moto.

Kasian akamwendea Nassir. "Kaka, tufungue ofisi. Hata kwa seremala, kitasa tutarudishia."

"Nivunje mlango wa baba yangu naye yuko Makka?" Nassir alimtazama kama mtu aliyetapika msikitini. "Kakutuma nani, shetani?"

"Basi mpigie simu, atoe ruhusa."

"Yuko kwenye ibada, wewe unamletea habari za kompyuta. Hebu tuache."

Mashine zote Kasian alikuwa amezifunga zisichukue kinga popote ila kwa mama. Ndivyo alivyopanga, kwa kuokoa laini ya simu, na neno la siri la kubadilisha hilo nalo lilikuwa ndani kwa mama. Akajaribu kupanda Mikumi kung'oa kinga hizo moja moja na kuziweka upya, mvua ikawa imekata barabara kule Zombo. Alipofika kwa kuzungukia Morogoro, alikuta mgeni mmoja ameshamwomba Yusrah amchapie picha kutoka kwenye flashi yake. Virusi vilikuwa vimekula orodha yote ya vyumba. Mkesha wa mwaka mpya makundi mawili ya Wazungu yalisimama mapokezi yakigombea vitanda vilevile, na Yusrah akitukanwa kwa lugha asizozijua.

Mzee alirudi akiwa Alhaji, na kofia mpya na tende. Wazee wa mtaa walipokuwa wakila tende hizo pamoja naye, akauliza habari za Mikumi. Nassir akasema, "Kinga ya Kasian imeshindwa."

"Shikamoo, Alhaji," Kasian alisema. "Haikushindwa. Ilizimwa, na ufunguo ulikuwa kwako."

Watu wakaacha kutafuna.

"Marahaba. Siku ile nilikushika mkono, nikakuuliza nimekukosea nini. Ulinijibuje?"

Kasian akaitazama sahani ya tende.

"Ulijibu umenisamehe. Sasa leo unanifufulia madai niliyokwisha kuyamaliza kwa Mungu?"

Wazee wakatikisa vichwa, na walikuwa wakimtikisia Kasian. Alhaji hakumfukuza, alisema kwa upole wa mtu aliyetakaswa kwamba mambo ya kompyuta yanataka mtu wa nyumbani, na kwamba Nassir atakwenda Morogoro kusoma. Kasian abaki asafishe zilizougua.

Yusrah alimkuta chini ya meza ya mapokezi, Mikumi, akirudisha mashine ya kwanza katika hali yake, na waya umemzunguka shingoni.

"Kaka Kasian, hicho chuo kinafunguliwa lini?"

"Kimeshafunguliwa," alisema. "Nipe bisibisi."