Babu Aliyevalishwa Buti

Kwenye sebule ya Baba Mkubwa kuna picha ya babu yangu ambayo nikiiona natamani kutema mate, ila chini kuna zulia. Ni kubwa kama mlango, ina fremu ya dhahabu bandia, na kila mgeni anayeingia huoneshwa hiyo kabla hajaoneshwa kiti. Babu amesimama wima mbele ya farasi mweusi, koti limemkaa, buti zimempanda hadi magotini, mjeledi mkononi. Uso ni wake. Vingine vyote ni uchafu, na uchafu huo niliufanya mimi.

Nianze na babu mwenyewe, maana yeye hana kosa. Walimwita Mzee Kwato. Kwa miaka thelathini alifanya kazi kwenye mabanda ya farasi ya tajiri mmoja, kazi yake kuchonga kwato na kuzipigilia viatu vya chuma. Watu hudhani kila aliyefanya kazi na farasi alikuwa akiwapanda. Babu hakupanda hata mmoja. Hakuruhusiwa, na alisema hata angeruhusiwa asingetaka, kwa sababu yeye anawajua kwa chini.

Kazi ile hufanywa mtu akiwa ameinama. Unampa farasi mgongo, unatazama upande wa mkia wake, unanyanyua mguu wake na kuubana katikati ya mapaja yako, halafu unaanza kukwangua. Kinachotoka ndani ya kwato ni samadi iliyoshindiliwa wiki nzima, na kwato ikiwa imeoza ina harufu ambayo Shangazi anasema ilikuwa ikiingia nyumbani kabla ya baba yake. Farasi naye hana adabu. Akijisikia kukojoa anakojoa, akijisikia kujamba anajamba, na wewe kichwa chako kiko palepale. Jioni babu aliogea nje kwa sabuni ya kufulia, na bado bibi alimtandikia kitambaa chake peke yake cha kukalia.

Shangazi ni mtoto wa kwanza wa babu, na ndiye pekee aliye hai aliyeyaona mabanda yale. Sasa ana miaka themanini na minne, anaishi kwenye chumba kimoja kilichojaa makopo ya maua, jicho la kushoto limekufa na la kulia liko njiani. Baba Mkubwa, mdogo wake, alizaliwa babu akiwa ameshaacha kazi, kwa hiyo yeye alimkuta mzee anayenukia sabuni. Baba yangu alimfuata Baba Mkubwa, akafariki nikiwa shule ya msingi, na Baba Mkubwa akanichukua akanilea pamoja na wanawe. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini sikumwambia hapana.

Picha ya kweli ilikuwa ndogo, ya kutosha kiganjani, na Shangazi aliitunza ndani ya bahasha kwenye droo karibu na kitanda. Siku ilipopigwa tajiri alikuwa na wageni. Alileta mpiga picha na sanduku lake la miguu mitatu, akapanga wageni na farasi uwanjani, akatoa amri kwamba mfanyakazi yeyote aliye karibu asimame wima au aondoke. Wengine wote walitii. Babu alikuwa pembeni, amebana mguu wa nyuma wa farasi mweusi, na msumari ndio kwanza umetokeza ncha upande wa nje wa kwato. Ukifika hapo huachii. Ncha ile lazima uikate kwanza, la sivyo farasi akivuta mguu, msumari unakuchana paja. Kwa hiyo babu hakusimama. Aligeuza shingo tu aone nani anapiga kelele, na sanduku likamnasa hivyohivyo, uso huku, makalio juu, mikono miwili kwenye kwato.

Tajiri alipoona ameharibiwa picha alimwendea akampiga teke la makalio, wageni wakacheka. Farasi akashtuka, akavuta mguu, na msumari ukapita kwenye paja la babu hadi karibu na goti. Shangazi aliona yote. Alikuwa na miaka minane, amekaa barazani na kopo la rangi ya viatu, kwa sababu mama yake alifua nguo kwenye nyumba ile na yeye kazi yake ilikuwa kung'arisha buti za tajiri kila asubuhi. Wakapiga picha nyingine. Hii ya kwanza iliposafishwa ilitupwa, na babu, ambaye pia ndiye aliyezoa taka, aliikuta juu ya lundo la samadi, akaifuta kwa shati akaja nayo nyumbani. Alipenda kuwaonesha watu na kuwaambia kuwa hii ni picha yake, hao wengine wameingilia tu.

Sasa Baba Mkubwa. Alipostaafu alijenga nyumba mpya, na jirani yake akawa hakimu mstaafu ambaye ukutani ana picha ya babu yake mwenye nishani tatu kifuani. Nishani zile zilimnyima Baba Mkubwa usingizi. Siku moja, wakinywa chai, akaropoka kwamba baba yake naye alikuwa mfugaji mkubwa wa farasi, na hakimu, kwa mazoea ya kazi yake ya zamani, akaomba ushahidi.

Mimi nina duka la picha. Napiga za vitambulisho, natengeneza fremu, na hasa nafufua picha za zamani zilizochanika au kuliwa na unyevu. Baba Mkubwa alinituma kwa Shangazi nikachukue bahasha, akasema anataka nakala tu. Shangazi aliitoa droo nzima, akaiweka mapajani, akapapasa hadi akaipata. Aliniuliza itarudi lini, nikamwambia Jumamosi. Alisema ananipa mimi kwa sababu mimi ndiye ninayejua kazi ya picha, angekuja mtu mwingine asingempa.

Nilipoikuza kwenye kompyuta, Baba Mkubwa alikunja uso kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Mbona makalio tu?" aliuliza.

Nilimweleza kuwa kazi yenyewe hufanywa hivyo. Alisema wageni wake hawana haja ya kujua hilo, na kwamba hawezi kutundika sebuleni mtu aliyebong'oa. Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, juu ya tajiri aliyesimama katikati na buti zake.

"Huyu amesimama vizuri. Mtoe kichwa, umwekee mzee."

Nikamwambia Baba Mkubwa, huyu ndiye aliyempiga babu teke. Alikuwa anajua. Nyumbani kwetu hakuna asiyejua hadithi ile. Akajibu kwamba mwenyewe ameshakufa, hatakuja kudai koti lake, na hapo ndipo ninapojichukia, kwa sababu nilicheka. Nilicheka, nikavuta kiti, nikaanza kazi.

Ilinichukua siku tatu. Kichwa cha babu kilitoka vizuri, shingo tu ndiyo ilinisumbua, maana ilikuwa imepinda kama ya mtu anayetazama nyuma, ikabidi niichonge upya. Mikono yake ilikuwa imeshika kwato na haikufaa kwa mjeledi, basi nilichukua ya tajiri nikaipaka rangi ya babu. Wageni niliwafuta. Halafu nilikwenda pembeni, kwa babu mwenyewe aliyeinama bila kichwa, nikamfuta naye, nikajaza majani mahali pake. Farasi akabaki na mguu mmoja hewani, haushikwi na mtu, nikamshonea mwingine wa kusimamia na kumsogeza katikati. Kivuli chini ya kidevu kilinitoka safi mno hadi nikamwita fundi wangu wa fremu aje akione. Alikisifu, nami nikafurahi.

Jumapili alasiri kukawa na wageni kama ishirini, biskuti kwenye sahani na soda za kila rangi. Shangazi aliletwa kwa gari akakalishwa mbele, ameambiwa kuna zawadi ya kumkumbuka baba yao. Baba Mkubwa alivuta shuka, picha ikatokea, watu wakapiga makofi. Hakimu alisema kumbe wima wa Baba Mkubwa ni wa kurithi. Basi Baba Mkubwa, mtu mzima na wajukuu zake, akajisogeza chini ya fremu, akatoa kifua, akaweka mkono nyuma ili watu walinganishe. Nilitazama biskuti zangu. Shangazi, ambaye kutoka pale aliona rangi tu, alinishika kiganja.

"Huyu ndiye baba?" aliniuliza.

Watu walikuwa wananitazama, na Baba Mkubwa zaidi yao.

"Ndiye, Shangazi."

Akainuka. Alikwenda mpaka pua ikakaribia kioo, akaanza juu na lile jicho lake moja. Usoni alitabasamu, akapapasa shavu la babu kwa kidole. Akashuka kwenye koti, tabasamu likapungua. Kwenye mikono alirudi mara mbili. Halafu akapiga magoti, akiwa ameshikilia meza, na kwenye buti akakaa muda mrefu hadi mtu mmoja akauliza kama bibi amezidiwa.

"Hizi buti nazijua," alisema. "Nimezipaka rangi mpaka kucha zangu zikawa nyeusi." Akageuka kututafuta, na alipokosa sura akasema kwa chumba kizima: "Mmempa baba miguu iliyompiga teke."

Baba Mkubwa alicheka kicheko cha mwenye nyumba. Alimwambia hakimu kuwa dada yake umri umeenda, kumbukumbu zinamchanganya, na hakimu akatikisa kichwa kwa huruma. Mtu akamletea Shangazi soda na mrija. Hakuigusa. Alisema anaomba picha yake, ile ndogo, arudishwe nyumbani. Ndipo Baba Mkubwa akainama, akamweleza kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayekwambia ameshafunga geti, kwamba ile ameichana tangu Alhamisi na kuitia kwenye pipa la jikoni, ili isije ikawachanganya wajukuu.

Mimi nilikuwa nimempa Baba Mkubwa mwenyewe bahasha ile mkononi, Alhamisi hiyohiyo, aliposema anapita kwa Shangazi na atamrudishia. Nilitoka nje hadi kwenye tangi la maji. Niliporudi walikuwa wanapiga picha ya pamoja chini ya fremu, na Shangazi alishakwenda kukaa ndani ya gari.

Kesho yake nilifungua duka mapema. Kazi yoyote ninayoifanya huwa naihifadhi ilivyokuja kabla sijaitia mkono, kwa hiyo babu alikuwemo ndani ya kompyuta, mzima, ameinama, na tajiri ana kichwa chake. Niliitoa kwa ukubwa uleule wa kiganja, kwenye karatasi isiyong'aa, sikugusa hata doa la samadi lililokuwa kwenye kona. Nikaiweka kwenye bahasha mpya nikaenda kwa Shangazi bila kunywa chai.

Alikuwa anamwagilia maua. Nikamwambia nimemletea picha yake, akaweka kopo chini, akajifuta mikono, akaenda nayo dirishani. Aliisogeza karibu na jicho. Nilimwona akifika kwenye wageni, akapita. Nilimwona akifika pembeni, kwenye mgongo, kwenye shingo iliyogeuka, kwenye mikono miwili iliyoshika kwato. Hapo alitulia kabisa, hata mdomo ukafunguka kidogo, nami nikaanza kupumua.

"Na huyu umemtengeneza?" aliuliza.

Nilimwambia hapana, huyu ndiye mwenyewe, sikumgusa popote.

"Jana pia ulisema ndiye."

Aliitazama tena, akaigeuza nyuma, akapapasa karatasi kama anatafuta kitu, akaigeuza tena mbele. Kisha akanirudishia, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Mimi nina jicho hili moja, mwanangu, nalo haliwezi," alisema. "Nilikuwa naliamini lako."