Baba Kuku

Mama aliuza kuku sokoni Eldoret, na katika miaka ile ya chama kimoja hakuthubutu kutamka neno "jogoo." Jogoo ndiye aliyekuwa alama ya chama. Ungesema jogoo wako ana ugonjwa wa kideri, mtu akusikie, aende kukuchongea. Kwa hiyo Mama alimwita baba kuku, na wateja walimwelewa. Kaka yangu ndiye aliyecheka mpaka akashika mbavu.

"Mathe, jogoo ni jogoo tu!"

"Wewe, punguza sauti. Utatuletea maneno."

Tulikaa mtaa wa West Indies, chumba kimoja na pazia katikati. Binamu yetu alikuja kutoka Nairobi na kaseti ya vijana weusi wa Marekani, wanaongea juu ya mdundo badala ya kuimba, wakieleza mtaa wao ulivyosahaulika. Kiingereza chao hatukukishika hata nusu. Kaka aliicheza kaseti ile mpaka redio yetu ikachoka, halafu akaanza kutunga mashairi yake kwa Kiswahili, akigonga ndoo: wafanyakazi wa kiwandani waliofutwa bila kusikizwa, mwalimu wake aliyechukuliwa asirudi. Kiitikio kilikuwa hiki: "Jogoo mmoja anawika, wengine wote supu!"

Nilikipenda sana. Watoto walikiimba kwenye foleni ya maji.

Kaka aliposimama kukighani ukumbini, kwenye sherehe ya vijana, watu walishangilia kisha wakanyamaza ghafla. Vijana wa chama walikuwa mlangoni. Walimchukua hapo hapo. Mama alizunguka vituo vya polisi na chakula kwenye kikapu, na kila kituo wakamwambia hawamjui mtu kama huyo.

Kaka alirudi baada ya miezi mingi, amekonda, anasalimia watu akitazama chini. Tulilia, tukampikia. Jioni vijana wa mtaa walimgongea ule mdundo wake nje, wakimngoja aanze. Aliinuka akafunga dirisha. Nilitamani kuwarushia mawe, ingawa walikuwa wanamheshimu kwa njia yao.

Krismasi ilipofika, Mama alikuwa na furaha kubwa ya kuwa naye mpaka akasahau woga wake wote. Alinoa kisu, akaita kwa sauti kubwa kutoka uani, "Nishikie huyo jogoo!"

Kaka alitazama mlango kwanza.

"Nimshike baba kuku, Mama?" akauliza polepole.

Hakuna aliyecheka. Mama aliweka kisu chini, na Krismasi hiyo tulikula sukuma wiki.