Pacha Wawili na Chupa Moja ya Damu

Msusi mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Cherehani kwa sababu mdomo wake ulishona maneno bila kukata uzi, alikuwa na pacha wake, karani wa shule. Walifanana hivi kwamba mama yao alizoea kuwaita wote kwa mpigo ili asikosee. Usichanani Karani alimfanyia mwenzake mtihani wa hesabu, mwenzake akamfanyia wa upishi, na hakuna aliyegundua.

Mwaka ambao walitimiza hamsini na sita, Karani alipata kiharusi chepesi akiwa ofisini. Kalamu ilimdondoka, maneno yakamtoka yamepinda. Aliwahishwa hospitali, akapona, akabaki na mkono wa kushoto mzito kidogo na dawa ya kila siku ya kuzuia damu isigande. Daktari akamwagiza amlete pacha wake apimwe lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, pamoja na sukari na muda wa damu kuganda, kwani huenda hatari ile walizaliwa nayo wote.

Cherehani alisuka vichwa saba kwa siku bila kuketi, lakini sindano ilimtoa jasho. Aliahirisha mara nne. Mara ya tano akaja na wazo: mkono wa Karani umeshazoea, sindano moja zaidi itamdhuru nini? Karani alicheka mpaka akashika ukuta. Alijua inafaa akatae. Ila tangu augue watu walimtazama kwa huruma tu, na huyu ndiye mtu wa kwanza kumwalika kwenye ujinga.

Basi Jumatatu asubuhi Karani akaingia maabara na wigi jekundu la dada yake na hereni pana kama visosi. Cherehani alibaki kwenye benchi la nje, gazeti usoni, amelishika kichwa chini miguu juu. Mtaalamu wa maabara, binti mpole, alipokuwa akimfunga mpira mkononi alimwomba ushauri: nywele zake zinakatika, afanyeje? Karani, ambaye hakuwahi kumchana mtu, akafikiri kidogo, akamshauri atumie gundi. Binti akadhani ndio utani wa wasusi.

Majibu yalipotoka, binti aliyatazama, akamtazama mama mwenye wigi, akayatazama tena.

"Mama, kuna dawa unayotumia?"

"Hata moja."

"Ajabu. Hii ni damu ya mtu anayemeza dawa ya kuzuia isigande. Kama si wewe, nani anakumezea?"

Karani akajikaza. Mashavu yakamvimba, kicheko kikamponyoka, wigi likamfunika jicho. Nje gazeti lilianza kutikisika, kisha likaanguka, na kupitia dirishani binti akauona uso uleule uliokuwa mbele yake. Alilazimika kuketi. Wagonjwa foleni nzima wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Safari hii Cherehani alitoa mkono wake mwenyewe. Akafumba macho, akamng'ang'ania pacha wake, akahesabu hadi ishirini, halafu akauliza wataanza lini. Chupa ilikwisha jaa.

Lehemu yake mbaya ilikuwa juu kuliko ya Karani, na sukari ilikaribia mpaka. Daktari alimweleza kwamba mafuta yale hujishika kwenye kuta za mishipa kidogo kidogo, mpaka siku moja damu inashindwa kufika kwenye ubongo.

"Hii si hukumu," alisema. "Ni habari iliyokuja mapema. Ungeniletea damu ya dada yako, ningemtibu yeye mara mbili, na wewe nisingekuona mpaka uanguke."

Cherehani akanyamaza. Karani anaapa kwamba kimya kile kilidumu hadi getini, na hajawahi kukisikia tena.

Alianza dawa, akapunguza sukari, na kila asubuhi pacha hao wakawa wanatembea mwendo wa haraka, wakigombania nani kamtangulia nani. Baada ya miezi mitatu lehemu ilishuka, na Cherehani akaibandika karatasi ya majibu kwenye kioo cha saluni. Hakuna kichwa kilichosukwa pale bila kusikia habari yake yote. Jumatatu moja wanawake kumi na wanne walijipanga maabara wakitaka kupimwa, na binti akampigia simu Cherehani kumwomba, tafadhali, awe anawagawa kwa siku.