Safari ya Tomi Ndani ya Gunia

Juzi mjini Kitengela niliona vijana wakiwatafutia vijibwa makao, nikakumbuka alasiri ambayo baba alimtia kijibwa wetu Tomi ndani ya gunia lililonuka pumba, akalifunga, akaelekea machimbo ya mawe. Nilijua anaenda kumtupa. Nilimfuata nikilia, vumbi likininata mashavuni, hadi akayapita machimbo na kusimama kwa mama mmoja Mmaasai mwenye mbuzi.

“Baba, usimtupe!”

“Nimtupe? Tumempatia mama huyu. Mbwa akiona njia, si kesho atarudi kwetu?”

Mama alifungua gunia. Tomi akapiga chafya, akaanza kulamba maziwa kiganjani mwake. Nikaketi chini.

“Wewe njia umeshaiona,” mama akaniambia akicheka. “Utakuwa unakuja kumsalimia.”