Mashuka Kumi na Mawili Juu ya Penthausi

Lusweti alipohamia kwetu, kitu cha kwanza alichofanya ni kukata kamba zangu za nguo. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani nilimpenda tangu siku ya kwanza.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na tisa, na Buruburu ndiyo ilikuwa mtaa wa watu walioendelea. Mzee Ngigi, mwenye nyumba wetu, hakupata kiwanja Buruburu penyewe. Alipata ng'ambo ya barabara, akajenga jumba la ghorofa nne na kuandika ukutani kwa rangi nyekundu, Buruburu View. Hakudanganya, kwa sababu tuliiona Buruburu vizuri sana, hasa vigae vyake. Juu kabisa, kwenye paa la simiti, kulikuwa na tangi la maji, kamba za kuanikia nguo za wapangaji wote, na kijumba kimoja ambacho mafundi walikuwa wakiwekea mifuko ya simiti wakati wa ujenzi. Siku moja Mzee Ngigi alikipaka chokaa kile kijumba, akakitia kioo dirishani, kisha akatangaza gazetini kwamba ana penthausi ya kupangisha.

Sisi hatukujua penthausi ni nini. Odero, fundi wa magari aliyekaa ghorofa ya kwanza na watoto wake sita, alisema ni nyumba ya Wazungu wanaoogopa mafuriko.

Lusweti alijua. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, kijana mrefu mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Alipanda akaiona, akashuka akalipa siku hiyo hiyo. Jioni akapandisha viti viwili vya kamba na mikebe mitatu ya maua, na kesho yake kamba zetu zilikuwa zimeviringishwa vizuri na kuwekwa mlangoni pangu, ghorofa ya chini, kama zawadi.

Mimi ni dobi. Jina langu ni Teresiah, ila watu huniita Mama Waithera, na mikono yangu ndiyo iliyomsomesha huyo Waithera. Wakati huo nilikuwa nafua mashuka ya lojing moja ya mjini, nyumba ya kulala wageni, mashuka kumi na mawili kila wiki, na mashuka hayo yalitaka upepo na jua. Nilizipanda zile ngazi zote sitini na nane, karai kichwani na hasira kifuani.

"Mama Waithera," akaniambia kabla sijatua karai, "hii ni penthausi. Penthausi haianikwi nguo."

"Hata Ikulu kuna siku ya kufua," nikamwambia.

Hakubadili nia. Mzee Ngigi naye alisema aliyelipa pesa za penthausi ana haki ya kukaa kipenthausi. Basi nikawa naanika kwenye ua wa nyuma, ambako mbuzi wa jirani walikuja kuonja. Mwenye lojing akanirudishia shuka moja lenye alama ya meno na kunipa muda mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo atafute dobi mwingine. Nilimchukia Lusweti wazi wazi. Nilikuwa nikimwona asubuhi akishuka na tai yake, namwangalia mpaka anajikwaa.

Kumbe naye alikuwa na shida zake. Alitaka kumwoa msichana anaitwa Khalayi, mfungaji wa katoni kule kule kiwandani, na Khalayi alimtaka. Lakini baba yake Khalayi alikuwa amekwisha kufariki, na neno lote lilikuwa mdomoni mwa mama, Mama Nasike wa Chwele. Lusweti, kwa kutaka kumridhisha, alimwandikia barua ya kurasa tatu kueleza jinsi anavyoishi mahali ambapo juu yake hakuna mtu ila Mungu. Mama Nasike alisoma barua, akapanda gari la moshi, akafikia kwa ndugu yake Makongeni, akatuma ujumbe kwamba Jumamosi saa nne asubuhi atakuja kuiona hiyo nyumba kabla hajasikia habari ya ng'ombe wa mahari hata mmoja.

Alhamisi jioni Lusweti akabisha kwangu na katoni ya vipande vya sabuni. Alikuwa amesawajika.

"Mama Waithera, nimeharibu."

Akanieleza. Kwao Bungoma mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukimbiana. Hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawatumii kiti kimoja, na mama hakanyagi ndani ya nyumba ya mkwe mpaka sherehe yake ifanywe. Ataitazama akiwa mlangoni tu. Na siku anakodi penthausi, Lusweti alikuwa ameangalia dirisha, akaangalia chokaa, akaangalia maua yatakaa wapi, bila kukumbuka hata mara moja kwamba ana mama mkwe.

"Ngazi ni moja," akasema. "Nikitangulia, nitakuwa juu ya kichwa chake. Nikifuata nyuma, hapo hata sitaki kusema."

"Kaa mbali siku hiyo. Khalayi atampandisha."

"Anataka kunihoji mwenyewe, nikiwa kwangu. Hakuna baba wa kunihoji. Akisema hapana, Khalayi hatavuka neno la mamake, ameniambia."

"Na huko nyumbani mnaongeaje bila kuonana?"

"Kuna migomba. Mtu anasimama nyuma ya migomba."

Tukatazama juu wote wawili. Paani hapakuwa na mgomba.

Sitaficha, nilifurahi kidogo. Halafu nikaona macho yake yamelowa, kijana mzima na tai, furaha ikaniisha. Nikamuuliza kama bado anazikumbuka zile kamba.

"Nilizikata," akasema polepole.

"Najua ulizikata. Nilikuwepo."

Tukakubaliana. Kamba zirudi, na zikisharudi zisitoke tena. Yeye akaapa kwa jina la mamake. Ijumaa jioni jumba zima lilifua. Shamso wa ghorofa ya tatu alitoa zulia na mapazia yake yote, Odero akatoa ovaroli zilizokuwa hazijaona maji tangu sikukuu, na Lusweti mwenyewe akapiga magoti akayasugua mashuka yangu mpaka viwiko vikachubuka. Nilimwonyesha mara mbili alipoacha doa, na mara ya pili halikuwepo doa.

Jumamosi saa nne kasoro, paa lilikuwa limegawanyika mara mbili. Upande wa mlango tuliweka kiti cha Mama Nasike na chupa ya chai. Katikati ni mashuka kumi na mawili yamebanwa kwa vibanio, hakuna nafasi ya jicho kupita. Upande wa pili, karibu na tangi, alisimama Lusweti na suti, ameelekea Makongeni.

Mama Nasike alikuwa mama mnene mwenye sweta ya kijani na mwavuli. Alipumzika kila ghorofa, na kila alipopumzika aliuliza ni ngapi zimebaki. Alipofika alikaa, akavuta pumzi, akaitazama nyumba kupitia mlangoni mpaka nikadhani anahesabu matofali.

"Lusweti," akaita, uso ukielekea mashuka.

"Mama." Sauti ilitoka kama ya mtoto anayeitwa jina darasani.

"Nyumba nimeiona. Ni nyeupe."

"Ndiyo, Mama."

Nikaona kidole cha Mama Nasike kimeinuka, kikaanza kutembea hewani. Mama Nasike alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na alichosoma hakukisahau. Kwenye pindo la kila shuka, kwa wino mweusi usiotoka hata kwa magadi, mwenye lojing alikuwa ameandika maneno ambayo mimi nimeyazoea mpaka siyaoni.

"Mali ya Raha Lojing," akasoma. "Usiibe."

Akasogea kwenye shuka la pili. Mali ya Raha Lojing, usiibe. Akasoma la tatu.

"Khalayi," akasema, "huyu kijana amelala lojing ngapi?"

"Ni yangu hayo, Mama Nasike," nikadakia mbio, kwa nia njema.

Akageuka akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndala. "Yako. Na wewe unakaa hapa na yeye?"

Khalayi aliziba uso kwa mikono yote miwili. Nikakunja mkono wa blauzi, nikamwonyesha yale makovu ya pasi ya makaa, manne yamepangana, nikamwambia mimi ni dobi, nakaa chini, nina binti sekondari, na huyu kijana wake hajawahi kunipa chochote ila sabuni na maudhi. Mama Nasike akaushika mkono, akaunusa kabisa. Kisha akacheka mpaka sweta ikatikisika, akaniambia nimimine chai.

Alipotua kikombe, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Lusweti, nijibu moja. Kwa nini unataka kukaa juu ya watu?"

Ile sauti ikaja, safari hii ya mtu mzima.

"Mama, nilipokuja Nairobi nilikaa kwa mjomba, Makongeni. Chumba ni kimoja, wao ni saba. Mimi nililala chini ya kitanda cha mjomba, miaka minne. Akijigeuza, spring zinanigusa pua. Nilikuwa nasema, siku nikipata changu, sitaki mtu yeyote juu yangu. Ni hivyo tu. Sikuwa na maringo."

Mimi niliyemchukia miezi miwili nilijiona mjinga. Mama Nasike aliinamia kikombe chake.

Hapo ndipo upepo ulipokuja. Ulitoka upande wa Embakasi bila hodi, ukapiga mashuka yote kumi na mawili kwa pamoja, vibanio vikaruka huku na huku. Nilimwona Lusweti katikati ya paa na suti yake, wazi mbele ya mama mkwe, hana ukuta, hana mgomba. Mama Nasike alifungua mwavuli mbele ya uso wake, haraka kuliko nilivyotegemea kwa mtu wa magoti mabaya. Kisha tukasikia chubwi.

"Ameenda wapi?" akauliza Mama Nasike nyuma ya mwavuli.

"Ameingia tangini," akasema Khalayi.

"Maji yamemfika wapi?"

Khalayi akaenda akachungulia. "Shingoni, Mama."

"Mwambie asitoke mpaka nishuke."

Wala hakuharakisha. Alikunywa kikombe cha pili. Aliniuliza jinsi ya kutoa doa la maziwa kwenye kitambaa cheupe, nami nikamweleza taratibu, huku mle tangini mtu akipiga chafya. Kisha akainuka, mwavuli bado usoni.

"Lusweti, unanisikia?"

"Nakusikia, Mama," likajibu tangi.

"Kijana anayeweza kuharibu suti kwa kuniheshimu, huyo namjua. Lete wazee wako nyumbani mwezi ujao. Lakini mtoto akizaliwa mimi nitakuja kumwosha, na ngazi hizi sizipandi tena. Tafuta nyumba ya chini."

Jumba zima halikuchota maji ya kunywa siku tatu. Mzee Ngigi alipokuja kuuliza sababu, hakuna aliyemwambia.

Harusi ilikuwa Desemba. Kabla ya hapo tulikuwa tumebadilishana nyumba, Lusweti akashuka kwangu, mimi na Waithera tukapanda kwake. Mzee Ngigi alitaka kodi ile ile ya penthausi. Nilimkumbusha maneno ya mpangaji wake mwenyewe, kwamba penthausi haianikwi nguo, nikamwonyesha kamba. Akakuna kichwa, akapunguza. Mwenye lojing hajarudisha shuka lingine tangu siku hiyo.

Siku moja nilipita mlangoni kwa Lusweti nikawasikia watoto wa Odero wakiruka kamba juu ya dari lake, wote sita. Alikuwa amelala chali kwenye kochi, macho juu, na Khalayi anamenya viazi. Nikamuuliza kama hawamsumbui, yeye asiyetaka mtu juu yake.

"Mama Waithera," akasema, "chini ya kile kitanda nilikuwa peke yangu."

Mtoto alizaliwa mwaka uliofuata, msichana, na Mama Nasike akaja kumwosha kama alivyoahidi. Sherehe ya kumwingiza ndani ilikuwa imefanywa, lakini kutazamana usoni bado ni mwiko. Kwa hiyo asubuhi Lusweti alisimama uani, akakinga mikono mdomoni, akaniita huko juu nimshushie mashuka sita. Nilimshushia manane, maana siku hiyo kulikuwa na upepo.