Siku Darasa Lilipodhani Mwalimu Anacheza

Saa mbili asubuhi, darasa la tatu. Mwalimu wa Kiingereza anaingia kimya, anasimama mbele ya ubao na kujifanya anafua nguo. Anasugua, anakamua, anaanika. Watoto tisini na wawili wananyanyuka kwenye madawati, kila mmoja akitaka kuliwahi neno la Kiingereza.

"Washing!" wanapaza sauti. Anawapigia makofi, kisha anaanza kupika.

Wazazi wamembatiza Mwalimu Sinema. Walimu wenzake humchungulia dirishani ili wamwige, na mwalimu mkuu amewahi kumsifia mbele ya wageni kwa ubunifu wake. Ubunifu gani! Mama wa watu alikuwa anaficha ugonjwa.

Miaka kumi na minne ya kushindana na kelele za madarasa yaliyofurika, na mvua juu ya mabati, ilimwachia vinundu kwenye nyuzi za sauti. Daktari hakumung'unya maneno: "Nyamaza sasa, au utanyamaza moja kwa moja." Lakini yeye ni mwalimu wa mkataba, na asiyefundisha halipwi. Akarudi darasani na michezo yake, siri akaibana kifuani.

Maswali ya mwandishi wa makala haya anayajibu kwa chaki, kwenye kibao cha mwanawe.

"Niliona nimepata ujanja," anaandika. Anafuta kwa kiganja, anaandika tena. "Na walikuwa wanaelewa kweli."

Mumewe, fundi cherehani, ndiye msemaji wa nyumba siku hizi.

"Huyu alikuwa redio. Nilikuwa namwomba azime kidogo, nilale," anasema na kucheka, lakini kicheko hakifiki mbali. "Sasa natamani anigombeze, hata mara moja tu."

Mwezi uliopita ujanja ule ulimtokea puani. Binti mmoja, mwepesi wa kujibu kuliko wenzake wote, alipanda juu ya dawati bovu ili aonekane. Mwalimu akaona mguu wa dawati unaachia. Akainua mikono, akafumbua mdomo kumwambia ashuke. Sauti haikutoka.

Darasa likachangamka.

"Singing!" akadakia mmoja.

"Crying!"

"Dancing!" alisema yule binti, na dawati likamwangusha.

Kidevu kilipasuka, meno mawili yakang'oka. Wenzake waliendelea kukisia mpaka walipoiona damu.

Siku hiyohiyo mwalimu mkuu alijua kila kitu. Hakumfukuza, amempa mpaka mwisho wa muhula apone au aondoke. Upasuaji ni wiki ijayo, na daktari hajaahidi lolote. Kwa sasa mwalimu amevaa filimbi shingoni. Ikilia, mchezo umekwisha, kila mtu anakaa.

Binti amerudi shule na mshono wake kidevuni. Anakaa dawati la mbele, mkono mdomoni, wala hajibu kitu. Inauma kumtazama.

Jumamosi moja mwalimu alikwenda kwao kuomba radhi. Alipiga magoti mbele ya mtoto na kujaribu kusema pole. Midomo ilicheza, pumzi ikatoka tupu. Binti alimwangalia kwa makini, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, nikisie?"

Mwalimu anaifuta chaki kwenye kibao.

"Sauti ikirudi, hata kama ni ya neno moja," anaandika, "siendi nayo darasani. Nampelekea yeye."